Neno la Kuagana

Leo twataka tulitazame neno moja la Kiingereza ambalo hata nyanya zetu wasiojua Kiingereza hulitamka. Neno lenyewe ni "goodbye". Sisi tumelikata likabaki "bai", na mtoto hufundishwa kulisema huku akipunga mkono, hata kabla hajaweza kutaja jina lake.

Wengi wetu hudhani kwamba mwanzo wa neno hili una maana ya wema, kama zilivyo salamu za Kiingereza za asubuhi na jioni. Sivyo. Zamani Waingereza walipoagana walisema maneno kamili: "Mungu awe nanyi." Kwa kusemwa upesi upesi kila siku, maneno hayo yalibanwa yakawa neno moja. Msomi mmoja, Gabriel Harvey, aliliandika katika miaka ya 1570 likiwa limekwisha kubanwa, lakini jina la Mungu, "God", lilikuwa bado pale mwanzoni. Baadaye watu walilifananisha na zile salamu nyingine, na "God" ikawa "good". Iliongezwa herufi moja tu, na Mungu hakuonekana tena.

Tusiwacheke. Katika siku zile kuagana kulikuwa jambo zito. Mwaka 1563 tauni iliua maelfu ya watu mjini London, na mwaka 1603 ikaua maelfu tena. Aliyetoka nyumbani alfajiri hakuwa na hakika ya kuwakuta wake wakiwa hai akirudi. Basi aliwaacha mikononi mwa Mungu, kwa kuwa hapakuwa na mikono mingine. Wafaransa nao walisema "adieu", yaani kwa Mungu. Na sisi husema kwaheri. Hiyo heri, tuliyoipata kwa Kiarabu, ndiyo inayoanza mafundisho ya Bwana Yesu pale mlimani katika Biblia yetu ya Kiswahili.

Je, sisi tuna hakika kuliko wao? Mama humsindikiza mwanawe anayekwenda shule ya bweni mpaka steji. Sanduku limefungwa juu ya gari, karo imelipwa nusu, mawaidha yamekwisha. Gari likiondoka, hana tena la kumfanyia mtoto yule. Hupunga mkono na kusema "bai". Laiti angejua kwamba ameomba!

Twasoma katika Mathayo 28 jinsi Bwana Yesu alivyoagana na wanafunzi wake kwenye mlima wa Galilaya. Baadhi yao walikuwa na mashaka hata saa ile, na kazi aliyowapa ilikuwa kubwa kupita nguvu zao. Hapo hakuwaombea kwamba Mungu awe nao, kama sisi tunavyoombeana. Aliwaahidi kwamba yeye mwenyewe yupo pamoja nao siku zote.