Kompyuta ya Zamani au Kishikwambi Kipya?

Somo la Kumi na Nne. Mazungumzo kwa madarasa ya watu wazima ya Ifakara na Bonde la Kilombero.

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana daftari na kalamu. Leo tutapiga hesabu kidogo, kwa hiyo asiye na kalamu na aazime kwa jirani yake sasa.

Nimepata barua kutoka darasa moja la upande wa Mang'ula. Wanadarasa hao, wake kwa waume, ni wakulima wa mpunga, na wana kikundi chao cha kuweka na kukopa. Kikundi kina kompyuta mpakato moja, ile ambayo wengi wetu twaiita laptopu. Walipewa ikiwa imekwisha tumika kwingine, na sasa imezeeka. Barua yasema kwamba katibu akiiwasha, aweza kwenda kisimani akarudi na ndoo yake kabla haijawa tayari. Betri haikai na chaji. Umeme ukikatika, mashine huzimika papo hapo, na kazi ya saa nzima hupotea.

Katika sanduku lao mna shilingi 480,000. Wanachama wengine wanataka fundi aitengeneze ile ya zamani. Wengine wanataka kishikwambi kipya, kama vile walivyonavyo walimu wa shule. Na mama mmoja amesimama mkutanoni akasema kwamba fedha hizo ziliwekwa kwa ajili ya mbolea, naye hataki hiki wala kile. "Watu waliondoka bila kuagana," ndivyo walivyoandika.

Ndugu zangu wa Mang'ula, siwezi kuwaamulia. Fedha ni zenu. Lakini naweza kuwaonyesha namna ya kulitazama jambo hili, na maoni yangu mwenyewe sitayaficha.

Kila mtu hapa Ifakara anajua baiskeli. Baiskeli ikianza kusumbua, hatuitupi siku ile ile. Twatazama. Je, ni mnyororo? Ni tairi? Ni spoku? Vitu hivyo vyabadilishwa, na baiskeli yaendelea kubeba magunia miaka mingine. Lakini fremu ikipasuka, fundi mwaminifu atakuambia usipoteze fedha yako. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Swali la kwanza ni hili: kilichochoka ni mnyororo, au ni fremu?

Laptopu ya zamani huwa nzito kwa sababu chache tu, na nyingi kati yake ni za mnyororo. Ya kwanza ni diski. Diski za zamani zina kisahani kinachozunguka ndani, na mashine hungoja kisahani kizunguke ndipo isome. Siku hizi kuna diski isiyozunguka, mafundi huiita SSD. Ukibadilisha ile ukaweka hii, mashine iliyokuwa ikichukua dakika nyingi kuamka huweza kuamka kwa muda mfupi sana. Katika matengenezo yote, hili ndilo lenye faida kubwa kuliko bei yake.

Ya pili ni RAM. Fikirini kabati na meza. Diski ni kabati la kuhifadhia madaftari. RAM ni meza unayofanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, kila ukitaka daftari jingine yakupasa kurudisha lile la kwanza kabatini. Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4 ina meza ndogo kwa kazi za leo. Yenye 8 ina meza ya kutosha kwa kazi za kikundi. Lakini angalieni: katika laptopu nyingine RAM imeunganishwa moja kwa moja na ubao wa mashine, wala haiongezwi. Fundi na afungue aone kwanza, kabla hamjanunua kitu.

Ya tatu ni vumbi. Hapa nacheka kidogo, maana barua yasema kompyuta yakaa chumba kimoja na magunia ya mpunga! Vumbi la pumba huingia kwenye feni, feni huziba, mashine hupata joto, na ikipata joto hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Kusafisha feni ni kazi ndogo. Mfanye hivyo kwanza, na magunia yahamishwe, au yahame makompyuta.

Betri nayo huzeeka kama tairi, hata ikitunzwa. Hununuliwa nyingine. Ila mkiona betri imevimba, hata ikanyanyua kibodi, msiitumie tena wala msiitoboe, maana yaweza kuwaka moto.

Fremu je? Ubao mkubwa ukiwa umeungua au kuingia maji, au kioo kimevunjika na bawaba zimeng'oka pamoja, hiyo ndiyo fremu iliyopasuka. Hapo msitengeneze.

Sasa tukitazame kishikwambi. Neno hili lilienea sana wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Makarani walipita nyumba kwa nyumba, Tanzania nzima, nao hawakubeba mabunda ya karatasi kama sensa za zamani. Walibeba vishikwambi. Baada ya sensa, vishikwambi hivyo walipewa walimu, na ndiyo maana baadhi yenu mmeviona shuleni. Hali kadhalika, wale wahoji wa Taasisi ya Afya Ifakara wanaopita vijijini kuuliza nani amezaliwa na nani amehama, kazi iliyoanza bondeni humu mwaka 1996, zamani walijaza karatasi. Baadaye wakahamia vifaa vya mkononi.

Lakini fikirini karani yule alifanya kazi gani. Alisimama mlangoni, akauliza, akagusa jibu kwenye kioo, akaenda mlango wa pili. Kwa kazi ya namna hiyo kishikwambi hakina mpinzani. Ni chepesi, betri yake hudumu, kina kamera, na vingi vina nafasi ya laini ya simu. Kujumlisha majibu yale yote na kuandika taarifa ya nchi ni kazi nyingine, na kazi hiyo ilifanywa kwa kompyuta, mezani.

Basi katibu wa Mang'ula anafanya kazi gani? Barua inaeleza vizuri. Anaandika hisa za wanachama kila wiki, anahesabu mikopo na marejesho, na mwisho wa mwezi anapeleka karatasi ya hesabu ichapwe isomwe mkutanoni. Hiyo ni kazi ya meza. Jedwali lenye safu kumi na mbili kwenye kioo kidogo, ukiandika kwa kidole, linachosha macho na kuleta makosa. Na kosa la sifuri moja katika mkopo wa mtu si jambo dogo.

Haya, chukueni kalamu. Bei hubadilika kila siku, kwa hiyo tarakimu hizi ni za kujifunzia tu. Ninyi mtaweka zile mtakazoambiwa dukani. Tuseme diski mpya ni sh. 90,000. RAM sh. 60,000. Betri sh. 80,000. Kazi ya fundi sh. 20,000. Jumlisheni. Mmepata 250,000? Vema. Toeni katika 480,000, zinabaki 230,000.

Andikeni upande wa pili. Kishikwambi sh. 450,000. Kibodi ya kuchapia sh. 50,000, maana bila hiyo katibu atateseka. Kifuniko cha kukilinda kisivunjike sh. 20,000. Jumla 520,000. Mmepungukiwa na sh. 40,000 kabla hamjanunua hata salio la intaneti. Watu wengi huandika bei ya kifaa tu, wakasahau vinavyokifuata. Nimeona maofisa wenye elimu kubwa wakifanya kosa hilo.

Tena kishikwambi hakitengenezeki kwa urahisi. Kioo kimegundishwa, na RAM haiongezwi. Kilivyonunuliwa ndivyo kitakavyokaa mpaka kife.

Nisiwe mwonevu, kina faida moja kubwa kwetu. Twaishi jirani na bwawa la Kidatu, lililoanza kutoa umeme mwaka 1975, wala ujirani huo hauzuii umeme kukatika! Chaja ya laptopu kwa kawaida huhitaji wati 45 hadi 65. Ya kishikwambi huhitaji wati 10 hadi 20 hivi. Paneli ndogo ya jua yaweza kukichaji kishikwambi, na laptopu isiiweze. Kama kijiji chenu hakina umeme kabisa, hesabu yangu yote ya juu yageuka, nami ningewaambia mnunue kishikwambi.

Jambo moja zaidi juu ya laptopu, nalo msilipuuze. Kompyuta huongozwa na programu kubwa iitwayo mfumo endeshi. Nyingi za umri huo hutumia Windows 10, na kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho yake ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikufa siku ile. Inafanya kazi kama jana. Lakini matundu yanayogunduliwa hayazibwi tena, na virusi hupita humo. Windows 11 haikubali mashine nyingi za zamani. Muulizeni fundi mambo mawili: yetu yaweza kupokea Windows 11? Kama haiwezi, je, anajua kuweka Linux? Huo ni mfumo endeshi wa bure, na una programu ya bure ya majedwali iitwayo LibreOffice. Akisema hajui lolote katika hayo, tafuteni fundi mwingine. Na flashi inayozunguka stationari zote za mjini isichomekwe ovyo kwenye mashine ya fedha zenu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hatari. Mwaka 2019 nilipeleka kompyuta yangu kwa fundi. Ndani mlikuwa na mahudhurio ya madarasa manane, ya mwaka mzima. Sikunakili kitu. Fundi aliweka mfumo mpya, na ule wa zamani ukafutika pamoja na kila kilichokuwamo. Sikumlaumu, sikuwa nimemwambia. Nilipanda pikipiki nikazunguka madarasa yote manane kuwaomba walimu madaftari yao niandike upya. Sita nilipata. Mawili yalikuwa yamelowa kwa mvua za masika, wino umetawanyika, na majina ya wale watu sikuyapata tena mpaka leo.

Barua ya Mang'ula yasema hesabu za mikopo ya miaka mitatu zimo ndani ya laptopu ile, wala hazimo mahali pengine. Ndugu zangu! Kesho asubuhi, kabla ya fundi na kabla ya mkutano, katibu na anakili yote kwenye flashi mpya, kisha achape karatasi ya kila mwanachama, na kila mwanachama aweke yake nyumbani. Mkibishana miezi sita kisha, hakuna atakayeumia.

Mimi ningetengeneza laptopu. Tena nisingefanya yote kwa mara moja. Ningesafisha feni na kubadilisha diski, nikangoja mwezi mmoja, nikaona kama RAM inahitajika kweli. Na yule mama wa mbolea msimnyamazishe. Kwa hesabu yetu ya darasani, feni na diski na fundi havifiki hata robo ya fedha yenu, na mbolea ikichelewa kuingia shambani, hakuna kompyuta itakayorudisha mavuno. Mwulizeni tarehe anayoitaka mbolea, kisha mpange.

Kazi ya wiki hii, kwa madarasa yote. Kila kundi liandike kazi 3 ambazo katibu wake hufanya kwa mashine, au angefanya kama angekuwa nayo, na mbele ya kila kazi liandike "meza" au "mlango". Halafu watu wawili waende dukani na kwa fundi kuuliza bei, warudi na hesabu mbili kama tulivyofanya leo. Darasa la Mang'ula waniandikie walivyoamua.

Jumanne ijayo, saa ile ile, tutajifunza kusoma risiti ya umeme wa luku. Njooni na risiti moja kutoka nyumbani. Kwaherini.