UKUMBI WA NUSU PENI
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Leo tunaacha habari za mbolea na bei ya mazao. Tunazungumzia ukumbi wa starehe. Msicheke kwanza, jamani, sikilizeni.

Huko Wales ya kusini, Uingereza, upo mji mdogo uitwao Blaenavon. Watu wake waliishi kwa kuyeyusha chuma na kuchimba makaa ya mawe. Migodi ilikuwa ya kampuni. Mfanyakazi alikuwa na mikono yake tu.

Basi wakaamua kujenga ukumbi wao wenyewe. Kila mmoja alikatwa nusu peni kwa wiki katika mshahara. Ukumbi ukafunguliwa mwaka 1895, gharama yake kama pauni 10,000. Hebu pigeni hesabu: wakati ule pauni moja ilikuwa peni 240. Kama zote zingetoka katika makato hayo, ni nusu peni 4,800,000! Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kile kilikuwa pipa.

Ndani mlikuwa na maktaba, chumba cha magazeti, meza za biliadi na ukumbi mkubwa wa muziki, michezo ya kuigiza na mikutano. Baadaye ikaja sinema.

Wapo wanaosema ngoma haishibishi. Sawa. Lakini katika mji wa jirani, Tredegar, wafanyakazi nao walikuwa na jumba lao. Kijana mmoja, Aneurin Bevan, aliyeingia mgodini na miaka 13, alisoma vitabu katika maktaba ya hapo. Mwaka 1948, akiwa Waziri wa Afya, ndiye aliyeanzisha matibabu ya bure kwa Waingereza wote.

Kisha migodi ikaanza kufungwa. Huko Blaenavon, mgodi wa Big Pit ulifungwa mwaka 1980. Mshahara ukikoma, na makato yamekoma. Kumbi nyingi za Wales zikabomolewa au zikageuzwa matumizi. Hata jumba la Tredegar halipo tena. La Blaenavon limesimama.

Ndugu, hapo ndipo penye fundisho. Siku ya kufungua ukumbi kila mtu hupiga makofi. Kazi ni bati likivuja mwaka wa kumi. Kabla hatujauliza nani atatujengea, tuulizane nani atatoa nusu peni yake siku hiyo.

Mwenye swali alilete kikaoni.