Imerudi Nini Nyumbani?

Alhamisi, tarehe 5 Februari 2026, saa tano usiku kwa saa za Afrika Mashariki, NBA, ligi ya mpira wa vikapu ya Marekani, ilifunga dirisha la kubadilishana wachezaji, na tangu Jumatatu ya wiki hiyo simu zilizoingia studioni zilikuwa za jambo hilo tu. Nyota Giannis anaondoka Milwaukee au anabaki? Akienda Miami, anarudi nani? New York wakiingia, timu ya tatu ni ipi, na ya nne itapewa nini hadi ikubali kubeba mishahara ya wengine?

Hatuwalaumu mashabiki. Kukisia kuna utamu wake, na Februari 2025 hakuna maskani hata moja iliyokisia kwamba Luka Dončić angeng'olewa Dallas apelekwe Lakers, Anthony Davis aje upande ule mwingine, na Utah wakae katikati kama timu ya tatu. Julai ikaja ya Kevin Durant kwenda Houston, dili ya timu saba, ya kwanza ya aina hiyo katika historia ya ligi ile. Vijana wa hapa kwenye eneo bunge la Soy, Kenya, walizitaja zote saba bila kuangalia simu: Phoenix, Houston, Atlanta, Brooklyn, Golden State, Lakers, Minnesota. Kijana anayeweza kujumlisha na kutoa mishahara ya timu saba kichwani, huyo ana akili, na tunamheshimu.

Linalotusumbua sisi ni swali. Wanaliuliza kuhusu Marekani kila siku, kuhusu Soy hawaliulizi. Imerudi nini?

Kule, kwenye kubadilishana, hakuna timu inayomwachilia mtu ikabaki mikono mitupu. Phoenix walimtoa Durant. Imerudi nini? Walirudi Jalen Green na Dillon Brooks, pamoja na chaguo la 10 la drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya. Na chaguo hilo, msikilizaji, ni Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek, Sudan Kusini, aliyekulia Kawempe, Kampala, na aliyechezea City Oilers ya Uganda katika ligi ya Afrika, BAL, kabla hajaenda Chuo Kikuu cha Duke. Mtoto wa Afrika Mashariki yumo ndani ya dili kubwa kuliko zote. Timu saba zilikaa mezani na kila moja ikainuka na kitu. Kawempe haikuwa mezani.

Sasa tuje nyumbani. Muhula wa kwanza ndio msimu wa mpira wa vikapu shuleni. Timu zitatoka Ziwa, zitatoka Moi's Bridge, zitatoka Kuinet, zikutane kwenye michezo ya kaunti ndogo, na kando ya uwanja watasimama watu wenye daftari. Msichana mrefu mwenye mikono myepesi ataonekana. Mwaka ukigeuka, utamkuta amevaa jezi ya shule nyingine, mbali. Shule iliyomfundisha kudunda mpira imerudishiwa nini? Kocha, mwalimu wa Hisabati anayebaki uwanjani hadi giza bila marupurupu, amerudishiwa nini?

Tumelisema hapa, tunalisema tena: ringi. Ukitoka barabara ya Eldoret kwenda Kitale ukaingia baadhi ya shule zetu, utaona nguzo ya bomba, ubao wa msaiprasi uliopasuka katikati, na pale ilipokuwa ringi pamebaki matundu manne ya skrubu. Watoto wamechora duara kwa chaki juu ya ubao. Mpira ukigonga ndani ya duara, wanahesabu pointi mbili. Wanabishana kama umegonga ndani au umegonga mstari. Hivyo ndivyo wanavyojifunza kulenga, na kutoka hapo bado anapatikana mtu wa kuchukuliwa.

Hatusemi wasiende. Tunajua ligi yetu ilivyo. Ulinzi Warriors ni timu ya jeshi, KPA ni ya bandari ya Mombasa, Equity ni ya benki. Hapo mchezaji hafuati timu peke yake, anafuata ajira, na mwanajeshi hawezi kubadilishwa na karani wa bandari jinsi Dallas na Lakers walivyobadilishana. Mzazi wa Soy ambaye mwanawe amepata kazi kwa sababu ya mpira ana haki ya kushukuru. Lakini mambo yanageuka. Nairobi City Thunder waliingia BAL mwaka 2025, klabu ya kwanza ya Kenya kufika huko, wakacheza Kigali, na nyuma yao kuna kampuni na wawekezaji. Soko limefunguliwa. Soko likifunguliwa, asiyejua kuuliza bei ndiye anayepunjwa.

Mkulima wa Moi's Bridge hamwachii dalali hata gunia moja la mahindi kabla ya kuona mizani. Mbona mtoto anaondoka na begi la nguo na ahadi ya kwenye simu? Nani alitia saini? Karo italipwa na nani akiumia goti? Na kwa shule aliyoiacha, imerudi nini?

Kwa hiyo vijana wetu, hesabu zenu tunazihitaji hapa. Mnaweza kutuambia Milwaukee wadai nini wakimwachilia Giannis. Basi tuambieni shule ya Ziwa idai nini! Mipira kumi? Ringi mbili na nyavu zake? Nafasi ya kocha kwenda kozi? Andikeni, pelekeni kwa mwalimu wa michezo, pelekeni kwenye ofisi ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ambako mashindano yanayokumbukwa ni ya kandanda, kandanda, kandanda. Mwaka 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 walianza sekondari ya juu, na mkondo wa sanaa na michezo umo kwenye orodha. Mkondo wa michezo bila ringi? Kataeni!

Walimu wakuu, msitoe barua ya uhamisho kimyakimya. Iteni mzazi, iteni kocha, iteni hiyo shule au klabu inayomtaka mtoto, muandike kinachokuja kabla ya kinachoondoka kuondoka. Wazazi, mtoto hajafika miaka 18, saini ni yenu. Msiitie saini karatasi msiyoisoma, na ikiwa hakuna karatasi, mtoto asipande matatu! Michezo ya kaunti ndogo iko karibu, na wenye daftari wanakuja. Wakikuuliza jina la mchezaji namba saba, waulize na wewe, palepale kando ya uwanja, wameleta nini.