Mbwa Hana Choo: Mazungumzo juu ya Minyoo ya Mbwa na Paka



Kutoka Tigania na Nkubu hadi Manyatta na Runyenjes, nyumba nyingi zina mbwa. Mbwa hulinda ng'ombe wa maziwa usiku, hufukuza tumbili katika mahindi, na humjulisha mwenye nyumba kwamba pana mgeni. Paka naye hulinda ghala lisiharibiwe na panya. Wanyama hawa ni msaada mkubwa, wala mazungumzo haya hayakusudii kumwambia mtu awaue au awafukuze. Yakusudia kueleza habari za adui akaaye matumboni mwao, awezaye kumpofusha mtoto jicho.

Adui huyo ni mnyoo mweupe, mviringo kama uzi mnene. Wataalamu humwita Toxocara canis akiwa wa mbwa, na Toxocara cati akiwa wa paka. Jike lake hutaga maelfu ya mayai kila siku, nayo hutoka pamoja na kinyesi. Mayai hayo ni madogo mno, hayaonekani kwa macho.

Yafaa kila mtu afahamu kwamba kinyesi kipya hakina hatari hiyo mara moja. Mayai huhitaji kukaa udongoni majuma mawili hadi manne, au zaidi penye baridi, ndipo kinyoo kichanga kiwe tayari ndani ya yai. Kufikia wakati huo mvua imekwisha kukiosha kinyesi, uwanja waonekana safi, na mama humwacha mtoto acheze hapo bila wasiwasi. Ganda la yai ni gumu. Laweza kustahimili miezi mingi, hata miaka. Jua kali na ukavu huyaua mayai, lakini chini ya kivuli cha migomba na mikahawa, katika miteremko ya Mlima Kenya ambako udongo hukaa na unyevu, hudumu kuliko katika nyanda kavu za Mbeere.

Mtoto huyameza mayai hayo kwa vidole vyenye udongo, kwa kula udongo wenyewe, au kwa mboga zisizooshwa vema. Yakifika tumboni hupasuka, na vinyoo hutoboa utumbo vikaingia katika damu. Mwili wa mtu si makao yao ya asili, kwa hiyo haviwezi kukua. Hutangatanga tu katika ini, mapafu, na hata ubongo. Watu wengi hawaoni dalili yoyote. Wengine hupata homa, kikohozi, kifua cha kubana au maumivu ya tumbo. Lakini kinyoo kimoja tu kikiingia jichoni, chaweza kuondoa nuru ya jicho hilo. Kwa kuwa aghalabu ni jicho moja, na pengine haliumi, wazazi huenda wasitambue mpaka mtoto awe na makengeza, au ashindwe kusoma ubao shuleni.

Jambo hili lilijulikana kwa shida. Mwaka 1950, huko Marekani, Bibi Helenor Wilder alichunguza macho 46 yaliyokuwa yameondolewa kwa ugonjwa, akakuta dalili za vinyoo katika macho 24. Mwaka 1952 Paul Beaver na wenzake wa New Orleans walieleza kwamba vinyoo vya mbwa ndivyo vilivyokuwa vikiwavimbisha watoto ini.

Tena ugonjwa huu hujificha. Kwa kuwa minyoo hii haitagi ndani ya mtu, choo cha mtoto kikipimwa hakionyeshi mayai yake. Hapana budi damu ipimwe. Basi mzazi ampelekaye mtoto hospitali amwambie daktari kama nyumbani mna watoto wa mbwa au wa paka, na kama mtoto hula udongo. Dawa ziko, lakini nuru ya jicho iliyokwisha kupotea mara nyingi hairudi.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Kinga haina budi kuanza kwa mtoto wa mbwa, maana yeye hupata minyoo tumboni mwa mama yake kabla ya kuzaliwa. Mtoto wa paka huipata kwa maziwa. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo wakiwa na umri wa majuma mawili, na wa paka majuma matatu. Kisha warudiwe kila majuma mawili mpaka waachishwe maziwa, na mama yao apewe pamoja nao. Wakubwa wapewe kila miezi mitatu. Afisa wa mifugo ataeleza kipimo. Mtu asidhani kwamba sindano ya kichaa cha mbwa yatosha. Sindano hiyo ni ya lazima, lakini haiui minyoo.

Pili, kinyesi kizolewe kila siku, kabla mayai hayajawa tayari, kikatupwe chooni au kifukiwe shimoni mbali na bustani. Kisichanganywe na samadi ya mboga. Tatu, watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, mboga zioshwe kwa maji mengi, na mahali wachezapo pazungushiwe ua.

Watu wengi wamekwisha kuchimba vyoo, wakajiona wamemaliza kazi ya usafi. Kazi hiyo ni njema, lakini mbwa hana choo. Uwanja ni wa mwenye nyumba, mbwa ni wake, na mtoto ni wake; naye ndiye apaswaye kushika jembe kila asubuhi.