Programu ya Kukutanisha Watu: Ujumbe kwa Vijana Wabunifu wa Kayole

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana wanaotaka kuanzisha kampuni za teknolojia.)



Ukizungumza kuhusu kazi Kayole, hutakosa kusikia maneno haya: mambo ni kujuana. Alfajiri vijana wa mjengo hufika kwenye kazi, na mnyapara huwaita anaowajua. Fundi wa umeme mwenye cheti anaweza kukaa wiki nzima Soweto bila kibarua, huku mwenye nyumba wa Komarock, hapo karibu tu, akitafuta fundi asimpate. Si ajabu basi kwamba kijana akishajua kutengeneza programu za simu, moja ya mawazo ya kwanza ni kujenga ya kukutanisha watu ana kwa ana. Wazo ni zuri. Ila wengine wamelijaribu, na yaliyowapata yanafaa kujulikana mapema.

Scott Heiferman na wenzake walianzisha Meetup jijini New York mwaka 2002, baada ya Heiferman kuona jinsi majirani walivyokaribiana kufuatia mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Lengo lao lilikuwa kutumia intaneti kuwatoa watu kwenye intaneti. Aliyelipia huduma hiyo alikuwa mwandalizi wa kikundi. Oktoba 2019 kampuni ilipojaribu kuwatoza wahudhuriaji dola 2, waandalizi walikuja juu na mpango huo ukaachwa. Maana yake ni kwamba mwandalizi ndiye aliyeshikilia kila kitu. Hapa Kayole mtu huyo yupo tayari: ni mwenyekiti wa chama, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, kocha wa timu ya mtaa, na huyo huyo mnyapara. Programu itakayomruka itapakuliwa na kufutwa wiki hiyo hiyo.

Hapa Nairobi, iHub ilifunguliwa Machi 2010 kwenye jengo la Bishop Magua, Ngong Road, ikiongozwa na Erik Hersman, mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi. Cha ajabu ni kwamba watu hao wa teknolojia, walipotaka wenzao wajuane, hawakuanza na programu. Walianza na ukumbi, meza na intaneti ya kasi. Waliokuwa wakiandikiana tu mtandaoni wakapata mahali pa kukaa pamoja. Mwaka 2019 iHub ilinunuliwa na CcHUB ya Lagos. Lakini kijana wa Kayole, ili afike Ngong Road, alihitaji matatu ya kwenda tauni na nyingine ya kutoka tauni, kisha nauli ya kurudi. Nauli hiyo ndiyo inayoamua nani anajuana na nani. Anayejenga programu hii ahesabu kwanza mwendo wa miguu.

Halafu kuna simu yenyewe. Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi ilipoanza Jisomee Mita huko Kayole Soweto, mwaka 2014, mteja alisoma mita yake mwenyewe, akatuma namba kwa ujumbe mfupi, akapata bili na kulipa kwa simu. Haikumlazimu mtu kununua simu ghali. Anayetafuta kibarua cha siku mara nyingi hana bando, na akiwa nalo hulitunza. Kazi hii ianze na ujumbe mfupi au namba za nyota na reli. Picha nzuri zitakuja baadaye.

Jambo zito zaidi ni usalama. Januari 27, 2024, maelfu ya Wakenya waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, baada ya visa vilivyojumuisha wasichana waliouawa katika nyumba za kukodisha kwa siku. Anayewakutanisha watu wasiojuana hawezi kusema kazi yake iliishia kwenye skrini. Chama hakimpokei mgeni bila mtu wa kumdhamini, na hekima hiyo iingizwe ndani ya programu: kila mtumiaji aletwe na anayemjua, na jina la mdhamini lionekane. Mkutano wa kwanza uwe mchana, mahali penye watu. Msichana aweze kuficha namba yake na mahali anapoishi. Kama hayo yatachelewesha ukuaji wa kampuni, na yachelewe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inamhusu kila anayekusanya majina na namba za watu. Kampuni yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida hailazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini wajibu wa kulinda taarifa hizo haujaondolewa, na kuuza orodha ya namba bila idhini ni kosa. Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen. Leseni ya biashara ni ya kaunti.

Anayetaka kuanza asingoje mfadhili. Achague steji moja, mnyapara mmoja na mafundi ishirini, awaunganishe kwa daftari na simu yake kwa mwezi mmoja, aandike nani aliitwa, nani alilipwa na nani hakurudi. Daftari hilo ndilo litakalomwonyesha programu ifanye nini.