Msiling'oe Bado

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya waridi, lile lililo katika debe mlangoni mwetu hapa Magongo. Mwezi wa tatu ukifika limebaki vijiti na miiba, hata jirani hutuuliza kama siku hizi twafuga kuni.

Jua la kaskazi limelichoma. Maji ya bomba yamekatika, na ya kisima yana chumvi. Likinyweshwa hayo siku nyingi, majani huungua pembeni kama karatasi iliyopita motoni. Masika nayo yamechelewa. Na ndani ya nyumba kuna swali zito zaidi: mtungi huu tumeununua kwa mwenye mkokoteni, na watoto hawajaoga. Je, ni haki kulipa ua maji?

Swali hilo tusilipuuze. Kwa maoni yetu ua lisinywe kabla ya mtoto. Lingoje maji yaliyokwisha kuoshea mchele au mboga, yasiyo na sabuni wala chumvi. Tuyamwage shinani jioni, kisha tufunike udongo kwa majani makavu ya mwembe, unyevu usipotee.

Wenzetu wa nchi za baridi wana taabu hiyo hiyo kwa sura nyingine. Kwao kiuacho ni barafu, na pengine theluji hukawia kuyeyuka. Kule Ottawa, Kanada, mama mmoja mtaalamu, Felicitas Svejda, alifanya kazi miaka mingi kutafuta mawaridi yawezayo kupita baridi ile bila kufunikwa. Moja lilitolewa mwaka 1968, jingine mwaka 1978, na mengine yakafuata. Miongoni mwa mbegu alizochanganya ni waridi la rugosa, ambalo asili yake ni pwani za mashariki ya Asia, penye mchanga na upepo wa chumvi. Sisi watu wa pwani habari hiyo imetupendeza.

Sasa, wakulima wa huko majira yanapochelewa hawang'oi upesi. Hukwaruza gome kwa ukucha. Wakikuta ukavu na rangi ya kahawia, hukata, hushuka kidogo, hukwaruza tena. Wakikuta kijani, kisu hukoma hapo. Nasi tulifanya vivyo hivyo. Juu kote kulikuwa kumekufa, lakini vidole vinne kutoka kwenye udongo tulikuta kijani.

Mnaukumbuka ule mtini wa Luka 13, uliokuwa hauzai. Mtunza shamba aliuombea mwaka mmoja zaidi, lakini hakuahidi kukaa tu akiutazama. Alisema atapalilia na kutia samadi. Huko ndiko kungoja tunakokusema.

Jambo moja zaidi. Mawaridi mengi ya kununua yamebebeshwa juu ya shina la waridi mwitu, na pale yalipoungwa pana kovu. Chipukizi likitoka chini ya kovu ni la yule wa mwitu, nalo mara nyingi ndilo lenye nguvu na la kupendeza kuliko yote. Livunjeni lingali laini, ijapokuwa mkono utasita baada ya miezi ya kutazama vijiti.

Letu lina machipukizi mawili, yote juu ya kovu. Mvua bado, na leo jioni ni zamu ya maji ya mchicha.