Bunduki Mpya Italala Wapi?

Haya ni mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani.

Kila tunaposoma habari za ujambazi katika magazeti yetu hukutana na herufi tatu tatu. Polisi wamekamata SMG moja na risasi zake. Majambazi wamekimbia na kuacha SAR vichakani. Waliopitia JKT wanajua tofauti. Wengi wetu tunasoma, tunatikisa kichwa, tunageuza ukurasa wa michezo.

Basi leo tuanze na tofauti hiyo. SAR ni bunduki ya kujipakia nusu. Ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja. Gesi ya baruti inasukuma chuma kurudi nyuma, ganda linaruka nje, risasi nyingine inapanda chemba, na bunduki inatulia ikisubiri kidole chako. Usipovuta tena, haitoki ya pili. SMG yaweza kutegwa hivyo hivyo, lakini pia yaweza kutegwa imimine mfululizo muda wote kidole kikiwa kimebana. Ni hilo tu. Lakini mtu mwenye kidole chepesi na magazini ya risasi 30 hahitaji mfululizo ili kuleta msiba.

Bunduki ninayotaka kuizungumzia leo haikukamatwa vichakani. Ilinunuliwa dukani, mchana kweupe, kwa risiti. Mnunuzi ni mtoto wa dada yangu, anayeishi Houston, katika jimbo la Texas, nchini Marekani. Amekaa kule miaka mingi, ana kibali cha ukaazi wa kudumu, anafanya kazi ya usiku hospitalini, ana mke na watoto wawili. Mwaka 2023 nilikwenda kumtembelea, nikamkuta tayari ameamua. Nyumba mbili za mtaani kwake zilikuwa zimevunjwa, na yeye usiku hayupo. Alisema, "Mjomba, polisi wa hapa ni wazuri, lakini wanakuja kuandika yaliyokwisha kutokea." Sikuwa na jibu la haraka. Nilifuatana naye.

Aina aliyoitaka ni ile iitwayo AR-15. Watu wengi, hata Marekani kwenyewe, hudhani herufi AR zina maana ya bunduki ya kivita. La hasha. Ni za jina la kampuni ya ArmaLite, iliyoibuni bunduki hiyo katika miaka ya 1950, mhandisi wake akiwa Eugene Stoner. Mwaka 1959 ArmaLite iliuza haki zake kwa kampuni ya Colt. Kwa upande wa jeshi ikazaa M16 iliyokwenda Vietnam. Kwa upande wa raia ikatoka ile ya risasi moja moja, na siku hizi hutengenezwa na viwanda vingi kwa majina mbalimbali. Kuanzia mwaka 1994 sheria ya Marekani ilizuia kutengeneza na kuuza kwa raia aina nyingi za bunduki hizi mpya, pamoja na magazini mpya za zaidi ya risasi 10. Sheria hiyo ilipewa umri wa miaka 10. Septemba 2004 ilikwisha, Bunge halikuiongeza, na milango ya maduka ikafunguka.

Sasa sikilizeni jinsi ununuzi wenyewe ulivyokwenda. Muuzaji aliitoa bunduki ukutani, akaifungua chemba, akaitazama, akampa mpwa wangu naye aitazame, ndipo akaizungumzia bei. Nilipenda hilo. Kisha ikaja fomu ya serikali, iitwayo 4473. Inauliza: umepata kuhukumiwa kwa kosa kubwa? Unatumia dawa za kulevya? Umepata kulazwa kwa amri katika hospitali ya magonjwa ya akili? Umepatikana na hatia ya kumpiga mke au mtu wa nyumbani mwako? Mpwa wangu akajaza, akaonyesha kitambulisho na kadi yake ya ukaazi. Muuzaji akapeleka majina kwenye mtambo wa FBI unaopekua kumbukumbu, ulioanza kazi Novemba 1998. Jibu likarudi kabla sijamaliza kunywa soda: endelea.

Jibu lisiporudi kwa siku tatu za kazi, sheria inamruhusu muuzaji kumkabidhi mnunuzi silaha hivyo hivyo. Kwa mwanya huo, mwaka 2015, kijana mmoja alipata bastola aliyoitumia kuwaua watu tisa kanisani mjini Charleston. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, na kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21 upekuzi sasa unaweza kuchukua hadi siku 10 za kazi. Lakini bado, kijana wa miaka 18 anaweza kununua bunduki ndefu Texas, wakati sheria ya nchi, mwaka 2023, ilimkataza kuuziwa bastola dukani mpaka afike 21. Yule aliyewaua wanafunzi 19 na walimu wawili katika shule ya Uvalde, huko huko Texas, tarehe 24 Mei 2022, alikuwa amenunua bunduki zake kihalali, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 18.

Angalieni pia ambacho hakikuulizwa. Hakuna aliyemwuliza mpwa wangu kama anajua kuitumia. Hakuna aliyeomba cheti cha mafunzo. Hakuna aliyeuliza nyumbani kuna nani. Gari huliendeshi bila leseni. Bunduki aliondoka nayo kwa fomu na kadi ya benki.

Kwa bahati nzuri kijana mwenyewe ana akili. Kesho yake tulikwenda uwanja wa shabaha, ule ambao vijana wetu wa JKT huuita renji. Mimi nilikaa nyuma kwenye benchi. Sheria ya Marekani inamkataza mgeni mwenye viza ya matembezi hata kushika bunduki au risasi, isipokuwa awe na kibali maalumu kama leseni ya uwindaji. Kwa hiyo nilipewa vizuizi vya masikio na miwani ya kukinga macho, nikawa mtazamaji. Vizuizi hivyo si mapambo. Mlio wa bunduki ya namna hii hupita desibeli 150, na sikio laweza kudhurika kwa mlio mmoja wa desibeli 140.

Msimamizi wa renji, mzee mmoja mwenye sauti ya mwadhini, aliwasomea wageni amri nne. Ihesabu kila bunduki kuwa imepakiwa. Usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga na umeamua. Jua shabaha yako, na jua kilicho nyuma yake. Akitamka kusimamisha, kila mtu anaweka bunduki chini, anatoa magazini, anaacha chemba wazi, anarudi nyuma ya mstari, na hakuna anayegusa chochote wakati wengine wamekwenda mbele kubadilisha karatasi. Kijana mmoja jirani yetu aligeuka kumwonyesha rafiki yake kitu huku bunduki iko mkononi. Mtutu ulipita mbele za watu watano. Msimamizi hakugombana naye. Alimwambia afungashe, siku yake imekwisha.

Mpwa wangu alianza na shabaha ya yadi 25. Bunduki mpya yenye darubini mpya haijui inatazama wapi, lazima ifundishwe. Alipiga risasi tatu kwa utulivu, zote zikaangukia kushoto na chini, lakini zikiwa pamoja. Hilo la kuwa pamoja ndilo jambo jema, maana linaonyesha mkono umetulia na kosa ni la darubini. Akazungusha vifundo vyake. Kisha akahamia yadi 100, karibu mita 91. Kwa umbali huo kila mlio mdogo wa kifundo unaisogeza risasi kiasi cha milimita saba tu. Alipiga, akatazama, akazungusha, akapiga tena. Baada ya saa nzima risasi tano zilienea mduara usiozidi kisahani cha kikombe cha chai.

Katika magazini ya tatu bunduki ilikwama. Ganda halikutoka vizuri, na risasi iliyofuata ikalibana. Hapo ndipo nilipojua kijana alikuwa amesoma kitabu chake. Hakuinua mtutu wala hakugeuka. Alitoa kidole, akaelekeza mtutu mbele, akatoa magazini, akavuta chuma nyuma mpaka ganda likaanguka, akaichungulia chemba. Msimamizi akaja, akagusa chuma kwa kidole, kikatoka kikavu. "Kiu," akasema. Bunduki ilikuwa imetoka kiwandani na mafuta haba. Matone machache yakamaliza ugomvi, na haikukwama tena. Mzee aliongeza onyo moja ambalo sikulijua: mlio ukitoka hafifu kuliko kawaida, simama papo hapo, huenda risasi imebaki ndani ya mtutu, ukiisukumia nyingine, bunduki itakupasukia usoni.

Tulipomaliza tulinawa mikono kwa sabuni, kwa sababu vumbi la risasi lina madini ya risasi ambayo ni sumu. Risasi 100 zilikuwa zimekwenda, kila moja karibu nusu dola.

Njiani kijana alikuwa na furaha. Akaniuliza, "Mjomba, kwa nini kwetu mnamnyima raia mwema kitu kama hiki?" Ni swali la haki. Nilimkumbusha kwamba tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, zilitia saini Itifaki ya Nairobi. Zilikubaliana sheria zao zipige marufuku kabisa raia kumiliki bunduki za mfululizo na hizi za kujipakia nusu. Hazikufanya hivyo kwa kupenda kuwanyima watu. Zilikuwa zimetoka katika vita na mauaji, silaha zikivuka mipaka pamoja na wakimbizi wasio na hatia. Wasafiri wa Kigoma na Kagera wanakumbuka mabasi yaliyosindikizwa na polisi wenye silaha. Bunduki ya vita haistaafu vita vikiisha; hutafuta kazi nyingine.

Kisha nami nikamwuliza: "Usiku wa leo italala wapi?"

Akasema juu ya kabati la nguo. Nikamwambia kwamba mwanawe mkubwa ana miaka 14 na kabati hilo analifikia bila kiti. Akasema, "Lakini Mjomba, bunduki iliyofungiwa itanisaidia nini mwizi akiingia?" Nikamjibu kwamba mwizi huenda asije kamwe, lakini mtoto yumo ndani kila siku. Na kuta za nyumba zao ni za mbao na jasi. Risasi inayomkosa mwizi haisimami chumba cha pili.

Sikusema kwa hofu ya kikwetu. Ni hesabu za wenyewe. Mwaka 2022 Wamarekani zaidi ya 48,000 walikufa kwa silaha za moto, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Tangu mwaka 2020 silaha hizo zimetangulia ajali za magari katika kuua watoto na vijana wa mwaka mmoja hadi 19. Haki itendeke: nyingi ya silaha hizo ni bastola, bunduki ndefu ni sehemu ndogo. Lakini kijana mwenye huzuni ya saa moja hachagui aina. Anachukua iliyo karibu. Sheria ya Texas yenyewe inamhesabu kuwa na hatia mtu anayeacha kizembe bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuipata.

Aliyemaliza mjadala si mimi. Mkewe alitupokea mlangoni, akatazama lile begi refu, akasema kwa upole, "Mjomba, mimi sijakataa bunduki. Nimekataa iingie kabla ya kabati lake." Mpwa wangu aligeuza gari. Saa nne za usiku tulikuwa tunalifunga ukutani kwa boliti kabati la chuma lenye kufuli ya namba, bunduki ndani yake, na risasi katika sanduku jingine lenye ufunguo wake.

Ndugu wasikilizaji, wengi wenu hamtanunua AR-15 wala hamruhusiwi. Lakini mjini humu wamo wenye bastola na shotigani kwa leseni halali. Walianzia serikali ya mtaa, wakapanda ngazi hadi polisi, na wengine walipofika nyumbani waliiweka chini ya mto wa kitanda. Leseni inasema wewe ni mtu mwema. Haisemi neno juu ya mtoto wako, mgeni wako, wala kijana anayefagia chumba chako. Hayo ni ya kwako kuyajibu, na yajibiwe kabla ya usiku wa kwanza: iko wapi, ufunguo anao nani, na risasi ziko mbali kiasi gani.